Hongo ya Joto: Kuta za Mtungi wa Naitrojeni katika Njia ya Unyanyembe

Tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuipa pwani kisogo, msafara wa Richard Burton na John Speke uliingia Kaze katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo leo panaitwa Tabora, ukiwa umepungukiwa na karibu kila kitu ulichotoka nacho: shanga zilikwisha kwa posho, nguo za merikani na kaniki zilikatwa dhiraa kwa dhiraa kulipia hongo, yaani ushuru wa njia, katika nchi ya Wagogo, punda wengi walikufa njiani, na mabwana wenyewe walikuwa wamedhoofika kwa homa. Nimeufikiria msafara huo mara nyingi kwa sababu ya hesabu moja ndogo ambayo huwapa wanafunzi wangu kila mwaka, nao kila mwaka huirudia mara mbili wakidhani wamekosea. Na tuseme kwamba huko pwani, kabla ya mizigo kufungwa, wapagazi wangalikabidhiwa mtungi wa alumini wa lita 35 uliojaa naitrojeni ya maji, yaani ile hewa ambayo ni karibu sehemu nne katika tano za pumzi tunayovuta, iliyopozwa hata ikageuka kioevu chenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Na tuseme kwamba mtungi huo, kama ilivyo mitungi mizuri ya namna yake siku hizi, hupoteza desilita moja na nusu kwa siku ukiwa umetulia. Basi kwa siku 134 zingepotea lita 20 tu, na mtungi ungeingia Kaze katika jua la Novemba ukiwa bado na lita 15 zinazochemka taratibu ndani yake.

Insafu yanitaka niongeze kwamba mtungi unaotikiswa hupoteza zaidi ya mtungi uliotulia, na kwamba kama tikiso la njia lingepandisha hasara hata robo lita kwa siku, Kaze ingeambulia lita moja na ushei. Walakini hata lita hiyo moja ni ajabu ya kutosha, kwa maana ndani ya mtungi ule hamna mota, hamna barafu, hamna betri, wala hamna dawa yoyote itiayo baridi. Watu wengi wanaouona kwa mara ya kwanza huuliza mashine yake imekaa wapi, na jibu ni kwamba hauna mashine, una kuta. Ukijaa huwa na uzito wa kilo 43 hivi, yaani umezidi frasila mbili ambazo ndizo zilizokuwa mzigo wa mpagazi mmoja, hivyo ungepaswa kubebwa mzegazega, umening'inizwa katika mti baina ya watu wawili. Na uzito huo, ukiondoa naitrojeni yenyewe, karibu wote ni wa ganda na shingo, ilhali kile kinachozuia joto hasa hakina uzito wa kutajika.

Hili si jambo la kujifurahisha kwa hesabu tu. Mkoa wa Tabora ni nchi ya ng'ombe, na ng'ombe wetu wa kienyeji, mwenye nundu na miguu ya kustahimili safari ndefu, hutoa maziwa machache. Na njia iliyo nyepesi kuliko zote ya kumpatia mfugaji wa Igunga au Nzega ndama mwenye damu ya maziwa, bila ya kumnunulia dume wa thamani ambaye huenda akafa kwa ndigana kabla ya mwaka kwisha, ni uhimilishaji, yaani kumtia ng'ombe mbegu za fahali kwa mkono wa mtaalamu. Mwaka 1946 ilianzishwa stesheni ya kazi hiyo huko Kabete, Kenya. Mwaka 1949 wataalamu watatu wa Uingereza, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes, walitangaza kwamba mbegu za jogoo zikichanganywa na gliserini huweza kugandishwa na kuyeyushwa zikiwa hai, na haikupita miaka mingi mbegu za fahali zikafuata mkondo huo. Nasi Tanzania tuna Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji huko Usa River, karibu na Arusha, ambako madume hutunzwa, mbegu hutiwa katika mirija myembamba kama bua la mtama, na naitrojeni ya kuihifadhi hutayarishwa. Kutoka huko hadi Tabora ni safari ya zaidi ya kilomita 600: Babati, Singida, mteremko wa Sekenke, mbuga ya Wembere ambayo masika huwa ziwa na kiangazi huwa tanuri, Igunga, Nzega, ndipo Tabora; na baada ya Tabora kuna njia za vumbi za kwenda Urambo, Kaliua na Sikonge, ambako mtungi mdogo wa lita tatu hufungwa nyuma ya pikipiki kwa mipira ya ndani ya baiskeli. Mrija mmoja ukipata joto la kupita nyuzi 130 hivi chini ya sifuri, joto ambalo sisi tungeliita baridi isiyo na mfano, punje za barafu ndani ya chembe hai huanza kukua upya na kuzitoboa. Mbegu huwa zimekufa, na mrija, ukiutazama, uko vile vile.

Kwa sababu hiyo nashikilia rai ambayo nimekuwa nikiisema kwa mdomo na sasa naiweka katika maandishi: kwamba katika kazi hii tumezoea kuhesabu lita za naitrojeni zinazoletwa, na hatuhesabu kuta zinazozilinda, ilhali naitrojeni ni kitu cha kupita, na ukuta ndio amana.

Wazee wetu hawakuwa wageni katika elimu ya kuta. Atembeaye Kwihara, katika lile tembe alimokaa Livingstone tangu Machi hadi Agosti 1872 akingojea wapagazi baada ya kuagana na Stanley, atahisi mara tu avukapo kizingiti kwamba jua la nje limebaki nje. Lakini tembe, pamoja na udongo wa kuta zake na dari lake la udongo juu ya boriti, halizuii joto, hulichelewesha. Joto la adhuhuri huingia katika udongo polepole, likafika ndani usiku, wakati ambapo kuna baridi na linahitajika. Huo ni ujuzi mkubwa kwa nyumba, na ni balaa kwa mtungi wa baridi kali, maana ukuta mzito wenyewe ni ghala la joto, na kabla ya kuipoza naitrojeni ungelazimika kwanza kuupoza udongo wote. Mtungi wa maji wa kufinyangwa, uwekwao penye kivuli cha mwembe, una hikima ya namna nyingine: hutoa jasho, na jasho likikauka huchukua joto la maji yaliyobaki. Naitrojeni hufanya vivyo hivyo, hujipoza kwa kujitoa mhanga, sehemu yake ikigeuka hewa ili iliyobaki isipande joto. Ila tofauti ni kwamba sisi hatutaki itoe jasho jingi, kwa kuwa kila tone ni gharama.

Lililo karibu zaidi na mtungi wetu ni gome. Mzinga wa nyuki wa Mnyamwezi, uliotengenezwa kwa gome la mti wa miombo lililovuliwa zima na kushonwa, huiweka asali na wana wa nyuki katika hali moja mchana na usiku, kwa kuwa gome kavu limejaa vishimo visivyohesabika vyenye hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ni kihami kizuri. Mwili wa Livingstone wenyewe, baada ya kutiwa chumvi na kukaushwa juani na watumishi wake Susi na Chuma, ulipitishwa hapa Unyanyembe mwezi wa Oktoba 1873 ukiwa ndani ya bomba la gome, juu yake turubai. Na koki, ile ambayo ilizungushiwa vyumba vya barafu vya meli na viwanda vya nyama kabla ya kuja povu za plastiki, ni nini kama si gome la mwaloni wa nchi za Mediterania? Mfanyabiashara Frederic Tudor wa Boston alipopeleka barafu Calcutta mwaka 1833, alitumia unga wa mbao, nao ni ndugu wa gome. Tani 180 zilipakiwa, na baada ya miezi minne baharini zilifika kama 100. Vitu hivi vyote, gome, koki, unga wa mbao, majani makavu, pamba, sufi, povu, hufanya kazi kwa njia moja: huifunga hewa katika vyumba vidogo isiweze kuzunguka. Na kwa kuwa hewa yenyewe hupitisha joto kidogo, hakuna kihami chochote cha namna hii kitakachozidi sana uzuri wa hewa iliyofungwa ndani yake.

Hapo ndipo kikomo kilipo, na ni kikomo kigumu. Mtungi wa lita 35 una ndani eneo la kiasi cha nusu mita ya mraba, na tofauti ya joto baina ya nje na ndani ni nyuzi 220. Ukiuzungushia povu la poliyurethani la unene wa sentimita 5, ambalo ni bora kuliko koki, joto lipatalo wati 60 na zaidi litapenya, wati zile zile ziandikwazo juu ya globu ya umeme, na naitrojeni yote itakuwa imekwisha kwa mchana mmoja na usiku wake. Kwa unga wa mbao ingekwisha mapema zaidi, tena kwa hatari ambayo Tudor hakuwa na sababu ya kuijua: penye baridi ya naitrojeni hewa ya kawaida yenyewe huanza kuwa umande, na oksijeni, ambayo huwa kioevu katika nyuzi 183 chini ya sifuri, ndiyo hutangulia kudondoka, ikaulowanisha unga wa mbao, na unga wa mbao uliolowana oksijeni ya maji ni baruti, iliyowahi kutumiwa kupasulia miamba migodini. Fundi yeyote atakayeshawishika kuukarabati mtungi kwa kuujaza pumba au maranda na ajue kwamba anatengeneza bomu.

Kwa hiyo ilibidi hewa yenyewe iondolewe. Mwaka 1892 James Dewar, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Royal Institution ya London, alitengeneza chupa ya kuta mbili, akainyonya hewa iliyokuwa baina yake, akazipaka fedha ili zing'ae. Na chupa ya chai iliyomo katika kila nyumba ya Tabora, ikiwekwa mezani pamoja na maandazi, ni mjukuu wa chupa hiyo. Joto lina njia tatu za kusafiri: hupita ndani ya mata kama habari ipitavyo kwa mkono kwa mkono, hubebwa na hewa au maji yanayozunguka, na hununurika katika uwazi, kama jua litufikiavyo bila ya kitu kulibeba. Ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa, huziziba njia mbili za kwanza. Lakini hapa pana jambo ambalo wengi wa mafundi wetu hawakulifunzwa, nalo ndilo chanzo cha misiba mingi: kuondoa nusu ya hewa hakusaidii kitu. Wala kuondoa sehemu tisini na tisa katika mia hakusaidii sana, kwa sababu chembe chache zilizobaki hupata nafasi ya kukimbia mbali zaidi kabla ya kugongana, na uchache wao hufidiwa na mwendo wao. Faida huanza pale tu hewa inapokuwa haba kiasi cha chembe moja kuvuka kutoka ukuta hadi ukuta bila ya kukutana na mwenzake. Na katika mitungi tunayoisema, hewa iliyobaki yatakiwa iwe kama sehemu moja katika milioni kumi ya ile ya nje. Kwa ajili hiyo mtungi hauharibiki kwa daraja, leo kidogo na kesho kidogo. Ombwe hupungua kwa siri miaka mingi bila ya dalili, kisha mpaka ule ukivukwa, uzima wote huondoka ndani ya siku chache.

Ili ombwe lidumu, watengenezaji hutia ndani ya nafasi ile kitu kinywacho hewa, aghalabu mkaa uliotayarishwa au madini yenye vinyweleo. Dewar ndiye aliyeionyesha nguvu ya mkaa huu mwanzoni mwa karne ya 20, na mkaa alioupenda ulikuwa wa vifuu vya nazi. Basi kifuu kile kile ambacho mkazi wa pwani hukitia motoni kupasia nguo, kikipozwa sawasawa, hunywa hewa kwa wingi wa kustaajabisha. Lakini mkaa hunywa ukiwa katika baridi, na ukipata joto hutapika. Kwa hiyo mtungi ulioachwa ukakauka hukaa ukiwa na ombwe dhaifu kuliko ulio na angalau lita mbili tatu ndani yake, na kuuacha ukauke kisha kuujaza, kuukausha kisha kuujaza, ni kuuzeesha.

Yabaki njia ya tatu, nayo ndiyo iliyonifanya nitaje hongo. Ukuta mweusi ulio katika joto la kawaida hununurisha wati 450 hivi kwa kila mita ya mraba. Kwa eneo la mtungi wetu, ombwe tupu lisilo na kinga lingepitisha wati zaidi ya 200, na lita 5 zingechemka kila saa. Fedha ya Dewar ilipunguza sana. Wahandisi waliokuja baadaye walipata jambo bora zaidi, la kuuviringishia mtungi wa ndani karatasi nyembamba za alumini, moja juu ya moja, makumi, kila moja ikitenganishwa na mwenziwe kwa karatasi ya nyuzi za kioo. Kila tabaka hulirudisha joto lilikotoka, hubaki na kidogo, nalo hununurisha kidogo hicho kwa tabaka lifuatalo. Ni Ugogo ule ule wa zamani. Msafara uliotoka pwani na mizigo mia ulimlipa mtemi wa kwanza, ukafika kwa wa pili umepungua, ukamlipa, ukaenda kwa wa tatu. Na kama watemi wangalikuwa thelathini mfululizo, kila mmoja akishika sehemu yake, hakuna ambacho kingefika Unyanyembe. Joto hulipa hongo hiyo katika kila karatasi, hata likifika kwenye naitrojeni limebaki, pamoja na lile lipitalo shingoni, zaidi kidogo ya robo ya wati. Robo ya wati ndiyo desilita moja na nusu kwa siku.

Lakini tabaka hizi zina sharti: zisibanwe. Zikigusana, joto halisimami kulipa. Hupita moja kwa moja. Mtungi uliobonyea ubavuni kwa kuangushwa kutoka katika gari, hata kama haukutoboka, una mahali ambapo watemi thelathini wamesukumwa wakawa mmoja. Nimeona watu wakigonga bonde hilo kwa nyundo ya mpira ili ganda lirudi umbo lake, wakaridhika. Umbo hurudi, karatasi hazirudi.

Na shingo, je? Mtungi wa ndani hauwezi kuelea. Lazima ushikwe na kitu, na lazima uwe na mlango wa kutolea mirija. Shingo ndiyo njia pekee ya mata baina ya nje na ndani, ndiyo maana haifanywi kwa alumini, ambayo hupitisha joto kama ufa upitishavyo maji, bali kwa faibaglasi nyembamba iliyogandishwa kwa gundi ngumu. Kizibo chake ni povu jepesi lililolegea, wala halitakiwi kubana, kwa kuwa lita moja ya naitrojeni ya maji ikigeuka hewa hujaza lita 700 hivi, na mtungi uliozibwa kabisa utapasuka. Tena hewa hiyo baridi ipandayo shingoni taratibu hulichukua joto literemkalo na kulirudisha nje, hata naweza kusema kwamba naitrojeni inayopotea inalinda ile inayobaki. Mnamo mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Wanyamwezi alipoifunga njia ya kwenda Ujiji, Stanley, aliyekuwa na haraka, alilazimika kuzunguka mbali upande wa kusini. Funga njia zote za joto isipokuwa moja, nalo litazunguka mpaka liione hiyo moja. Mhimilishaji ainuaye kikombe cha mirija juu ya shingo ili asome rangi kwa starehe, akahesabu kumi, akahesabu kumi na tano, ameyafuta kwa mkono wake mwenyewe yale yote yaliyofanywa na ombwe na karatasi na mkaa. Mrija haupandishwi kupita mstari wa barafu ndani ya shingo, hushikwa kwa koleo ndefu, na sekunde tano zinatosha kwa mtu aliyekwisha kujua anachokitafuta.

Kiangazi kimoja, asubuhi ya mapema, kijana mmoja mhimilishaji aliniletea mtungi wa lita 35 katika gari dogo la mizigo. Aliniamkia kwa desturi ya hapa. “Mwangaluka, mwalimu.” Nikamjibu, “Mwangaluka, mwanangu. Mbona umewahi hivi?” Akasema, “Mwalimu, mtungi unatoka jasho.” Nilipopitisha kiganja mabegani mwa mtungi, chini kidogo ya shingo, niligusa duara la umande lenye ubaridi wa maji ya kisima, na upande mmoja, penye bonde dogo la ukubwa wa sahani, palikuwa na ukungu mweupe wa barafu umeanza kushika kama chumvi juu ya mwamba. Nikachukua ufito wa mti mkavu, kamwe si bomba tupu, maana naitrojeni hupanda ndani ya bomba ikarukia uso. Nikauteremsha hadi chini, nikahesabu polepole, nikautoa na kuupunga hewani. Mstari wa barafu ulifika sentimita nne. Jioni ya jana yake, kwa maneno ya kijana, mtungi ulikuwa umejazwa. Ofisi iliyomkabidhi ilikuwa imeandika katika daftari lita zilizotiwa, tarehe, na saini mbili. Hapakuwa na mahali pa kuandika hali ya mtungi. Mirija iliyokuwa imezama katika sentimita zile nne tuliiokoa kwa kuihamishia chombo kingine. Iliyokuwa juu hatukuweza kujua, na kwa kuwa mrija uliokufa hauna alama, kijana alilazimika kuchagua baina ya kuitupa yote na kwenda kumpotezea mfugaji majuma matatu mpaka joto lijalo la ng'ombe wake. Aliitupa. Nililiona lile tendo kuwa la uaminifu mkubwa, na nililiona pia machoni mwake lilivyomgharimu.

Mitungi midogo hii haiko peke yake. Katika matangi makubwa ya gesi, ambako ombwe la karatasi lingekuwa ghali na gumu, baina ya kuta humiminwa pelaiti, kioo cha volkano kilichopashwa moto mkali hata kikaumuka kama bisi; na iwapo mtambo wa gesi asilia unaozungumzwa kwa miaka mingi huko Likong'o, Lindi, utajengwa, matangi yake ya nyuzi 162 chini ya sifuri yatahitaji kihami cha namna hiyo kwa shehena. Na upande wa pili wa ziwa Tanganyika, mbele ya Ujiji, katika nchi ambazo misafara ya Unyanyembe iliingia kutafuta pembe, Kivu Kaskazini na Ituri zilipopatwa na Ebola kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, chanjo iliyotumiwa ilitakiwa kuhifadhiwa baina ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Ilipelekwa hadi Beni, Butembo na vijiji vilivyozunguka katika vyombo vya Arktek, ambavyo ni chupa za ombwe zilizokuzwa, zenye tabaka za kununurisha na vigae vya ubaridi ndani, zikaazo siku kadhaa bila ya umeme. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Naamini kwamba yeyote aliyewahi kuona njia za huko masika hatahitaji kuelezwa kuwa umeme usingefika kwa wakati. Kilichofika ni ukuta.

Nirudi Tabora. Mji huu una Chuo cha Reli na una mafunzo ya VETA. Una mafundi wanaoelewa breki, pampu na kulehemu alumini. Mtungi uliopoteza ombwe, madhali ganda lake halikutoboka na karatasi zake hazikubanwa, waweza kunyonywa upya kwa pampu nzuri kwa muda wa siku chache huku ukipashwa joto kidogo ili mkaa utapike ulichokunywa; kazi hiyo yataka subira na kipimo cha ombwe kuliko itakavyo elimu ya ng'ambo. Badala yake mitungi yenye jasho husukumwa pembeni mwa stoo, ikawekewa ndoo juu, na mipya ikaagizwa, nayo ikaingia katika mikono ile ile ambayo haikufundishwa kuzipima kuta. Chumba kimoja chenye pampu, madirisha mapana ya kupitisha hewa ili mtu asizimie kwa naitrojeni iliyojaa sakafuni, na mizani, kingeufaa mkoa huu kuliko mitungi kumi mipya.

Nimeitaja mizani kwa makusudi. Lita moja ya naitrojeni ya maji ni kilo 0.8, na mtungi mzima wa lita 35, ukifunguliwa kwa kiasi, hupungua kilo moja hivi kwa juma. Haihitajiki ala ya maabara kuliona hilo. Kijana yule wa jasho, baada ya siku ile, alikwenda chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku wa kijijini kwao akaomba idhini ya kuutumia mzani wao wa kupimia marobota, ambao kipindi kisicho cha masoko huning'inia bila kazi. Na kila Jumatatu asubuhi huutundika mtungi, akaandika katika daftari la shule lenye mistari. Alinionyesha daftari hilo mwaka uliofuata. Ukurasa mmoja ulisomeka: kilo 42, kilo 41, kilo 40, kilo 36 na nusu. Mbele ya tarakimu ya mwisho alikuwa ameandika saa tatu na robo asubuhi, na chini yake, kwa kalamu nyingine, saa tano kasorobo, mirija yote imehamishwa.